Mnara Hauiti Mtu

Katika toleo mojawapo lililopita kurasa hizi zilinichapia shairi. Lilikuwa la beti tano, vina vimetimia, mizani imetimia, na mshororo wake wa kwanza ulikuwa huu: "Ewe mnara wa nuru, niite nifike kwako." Wenzangu walilisifu. Mmoja alisema taswira ya mnara imekaa barabara. Mwingine alilisoma harusini, sijui kwa mnasaba gani. Mie nikavimba kichwa, sikatai. Leo nimekuja kulihakiki shairi hilo, na kwa kuwa mtunzi ni mie mwenyewe, hakuna wa kuniletea barua ya matusi.

Sababu ni safari. Nasomesha Kiswahili katika skuli moja ya sekondari hapa Unguja, na zamu ikaniangukia ya kufuatana na wanafunzi kwenda Kisiwa cha Chumbe, ambako kwa miaka mingi sasa watoto wa skuli hupelekwa wakajifunze mambo ya matumbawe na msitu. Wao walikwenda kuona samaki. Mie, kusema kweli, nilikwenda kuuona mnara wangu.

Nasema wangu kwa sababu nimekua nao. Chumbe iko kusini ya mji, kiasi cha kilomita 12, na nilipokuwa mdogo nikikaa pwani upande wa Chukwani wakati wa magharibi, nilikuwa nikiiona taa yake: inawaka, inazimika, inawaka. Nilidhani ni mbovu. Si umeme wa kwetu nao ulikuwa hivyo hivyo? Sikumwuliza mtu. Nilipokuwa mkubwa na kuanza kutunga, nikaitia katika shairi, lakini kwa kuona haya nikaitengeneza: taa ya shairi langu haizimiki hata mara moja. Hilo ndilo kosa la kwanza, nalo dogo kuliko mengine.

Tulivuka kwa mashua kutoka Mbweni, chini ya saa moja baharini. Aliyetupokea alikuwa mzee mmoja, mvuvi wa zamani ambaye sasa ni mlinzi wa kisiwa. Baada ya shikamoo na maelezo ya usalama, akatuongoza moja kwa moja hadi kwenye mnara.

Hebu niueleze kama ulivyo. Ni mnara wa mawe, wa duara, uliojengwa mwaka 1904 wakati wa utawala wa Waingereza, na bado unafanya kazi. Ndani ni ngazi za kuzunguka, nyembamba, hewa yake nzito kama ya kisima. Wanafunzi walizihesabu kwa sauti moja hadi tisini na kitu, halafu mmoja akacheka na hesabu ikavurugika, basi mimi nitasema tu zimepita 100. Juu kuna kibaraza cha kuzunguka taa. Ukitoka hapo upepo unakupiga kofi. Chini yako msitu umekaa juu ya mwamba mtupu, hauna hata kijito, unaishi kwa mvua na umande. Upande wa magharibi maji yanageuka rangi mara tatu, kijani, samawati, halafu buluu ya kutisha pale mwamba unapokatika.

Hapo juu ndipo nilipofanya jambo la kijinga. Nikamgeukia yule mzee, na wanafunzi wanasikia, nikamwuliza: "Mzee, zamani mlipokuwa mkivua usiku, taa hii ilikuwa ikikuiteni?"

Akanitazama kidogo. "Ituite tuje kufanya nini, mwalimu? Hapa pana mwamba. Ile ikiwa inasema kitu, basi inasema kaa mbali."

Wanafunzi wangu wakacheka mpaka wakashika ukuta. Wote walikuwa wamelisoma shairi langu, nimelisomesha mwenyewe darasani.

Basi tulitazame suala hili kwa utulivu. Mshororo wangu unasema "niite nifike kwako". Maana yake msemaji yumo gizani baharini, anaona mnara, anataka mnara umwite, naye aende. Akienda nini kitatokea? Atapasuka. Shairi langu lote la beti tano, lenye kiu ya uongofu na mapenzi na sijui nini, linamwomba nahodha alipande jiwe. Na hakuna aliyeona: si mtunzi, si mhariri, wala wenzangu waliosifu taswira. Tulikuwa tunalisoma neno "nuru" na kuridhika. Katika ushairi wetu sisi vijana nuru ikishatajwa, uhakiki hufungwa mlango. Nuru ni njema, giza ni baya, kwisha.

Watu wa mashairi huru wataruka hapa na kusema: mnaona? Vina ndivyo vilivyomponza. Nakiri, kina cha "ko" kilinisukuma. Nilikuwa natafuta neno la kumalizia, "kwako" likaja lenyewe, nikalikaribisha. Lakini nao wasifurahi sana. Nimesoma mashairi yao pia, na mnara umo, umesimama vile vile ukinyoosha mikono ya mwanga, unakumbatia vyombo. Tofauti ni kwamba wa kwao haukulazimishwa na mtu.

Chanzo cha kosa langu kiko kwingine, na nimekitafuta. Kabla sijafika Chumbe hata mara moja, nilikuwa nimekwisha kusoma mnara wa kigeni. Chuoni tulisomeshwa riwaya ya Virginia Woolf iliyotoka mwaka 1927, ile ambayo mtoto James anataka apelekwe kwenye mnara wa taa, hali ya hewa inaharibika, safari inaahirishwa, na inapita miaka 10, vita na misiba, ndipo anapofika na baba yake na dada yake. Inasemekana mnara aliokuwa nao mwandishi kichwani ni ule wa Godrevy, kule Cornwall. Humo mnara ni mahali pa kufika. Ni safari yenyewe. Nami nikalichukua "kufika" lile, nikalileta Unguja bila ya kulipima. Woolf hana kosa. Wahusika wake wanakwenda mchana kwa mashua ndogo, wanajua njia. Hakuna anayeelekeza meli mnarani usiku. Mie ndiye niliyeazima nguo bila ya kujua kipimo cha mwenyewe.

Na taa ile kuwaka na kuzimika? Mzee alitufahamisha, na ninaona aibu kwamba nimefika umri huu bila ya kujua. Kila mnara una mapigo yake. Nahodha anahesabu: mwanga, halafu giza la sekunde kadhaa, halafu mwanga tena. Anafungua ramani yake ya bahari, anatafuta ni mnara gani katika pwani hii wenye mapigo hayo, anajua huu ni Chumbe na si mwingine. Kisha kazi iliyobaki ni yake: apime, ageuze usukani, apite mlango wa bahari salama. Mnara hauamrishi, hauongozi. Unataja jina lake tu. Kile kiza kati ya mwanga na mwanga, ambacho mie nilikiona ubovu, ndicho kinacholifanya jina lisomeke. Ukiuondoa usizimike, kama nilivyofanya mie kwa kuona haya, unabaki moto usio na jina, na nahodha anaweza kudhani ni meli au ni nyumba ya mtu.

Lakini kuna swali ambalo shairi langu halikuliuliza, na hili lilitoka kwa mwanafunzi wa kike wa kidato cha pili, mkimya sana darasani. Tulikuwa tumekaa chini ya paa kubwa la makuti, tunakula. Akauliza: "Mzee, sasa nani alikuwa akiiwasha?"

Hapa hapana budi nizungumzie ukarabati. Chumbe ilitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwaka 1994, baada ya juhudi za Mjerumani Sibylle Riedmiller na wenzake, na kampuni ya hifadhi ikayachukua na majengo. Mnara, nyumba ya mlinzi wa taa iliyokuwa gofu, na msikiti mdogo wenye mtindo wa Kihindi, ambao mpaka leo unasaliwa. Vibanda saba vya wageni, maji ya mvua, vyoo visivyotumia maji, hayo yameandikwa sana na mie siyarudii. Kwa maoni yangu anayekarabati jengo la kale ni mhakiki kama mhakiki wa riwaya. Anaamua kipi kibaki, kipi kisomwe, kipi kinyamaziwe. Kwa kipimo hicho kazi ya Chumbe ina uamuzi mmoja wa busara sana: gofu la nyumba ya mlinzi hawakulipaka rangi likaonekana jipya. Walilitia juu yake paa refu la makuti, linapaa kama tanga, kuta za kale zikaachwa zionekane chini yake. Unaona kabisa hapa paliharibika, na hapa pamefunikwa baadaye. Nimeona majengo mengi mjini yaliyokarabatiwa kwa namna ya kumdanganya mtazamaji kwamba muda haukupita. Hapa hakuna udanganyifu huo.

Ila nyumba ile ilikuwa ya mtu. Sasa ni mahali pa kulia chakula na pa kusomeshea. Nilikuwa natafuna kipande cha samaki na huku najiuliza nimekaa wapi hasa: jikoni? chumbani? Jiwe lipo, lakini maisha yaliyokuwa ndani ya jiwe hayasomeki kwa macho. Aliyekaa hapa alikuwa na mafuta ya kubeba juu ngazi zile zote, kioo cha kupangusa, usiku wa kukesha, na kisiwa kisicho na kisima. Msikiti umebaki kama ushahidi kwamba alikuwepo mtu mwenye kuswali. Huo ndio wasifu wake wote, na ni mwingi kuliko nilioutia katika shairi langu, ambalo taa inawaka yenyewe tangu ubeti wa kwanza hadi wa tano.

Mzee alimjibu mwanafunzi kwa kifupi, kwamba palikuwa na walinzi, na kwamba mwaka 1926 mnara ukatiwa taa ya gesi. Nikashtuka, kwani habari ya gesi hiyo nilikwisha kuisoma. Ni mtambo wa kampuni ya AGA ya Sweden. Aliyevumbua mitambo yake, Gustaf Dalén, alitengeneza kidude kinachohisi jua: kukicha kinafunga gesi, usiku ukiingia kinafungua, mtu hahitajiki. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na mwaka huo huo mtungi wa gesi ulimlipukia akapofuka macho. Hakuiona tena taa yoyote. Mkono wangu ulianza kutafuta kalamu. Kipofu aliyewasha pwani za dunia! Kisha nikajizuia. Hapo tena nilikuwa nakimbilia nuru iliyo nzuri, namsahau yule mpangusaji wa kioo ambaye mitambo ya namna hiyo ilikuja kumwondolea kazi.

Nani aliwasha, na aliwashiwa nani? Kwa swali hili la pili yatubidi turudi mjini, Forodhani. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na mnara wake wa taa mbele ya majumba ya kifalme, pale pale ufukweni. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga Zanzibar mizinga kwa sababu Khalid bin Barghash alikalia kiti bila ya ridhaa yao. Vita havikufika saa moja. Mnara ule ulijeruhiwa, ukaja ukaondolewa, na Beit al-Ajaib ilipotengenezwa ikawekewa mnara wa saa mwaka uliofuata. Miaka michache baadaye, utawala wa wale wale waliopiga mizinga ukajenga mnara wa Chumbe. Na ule mnara wa saa? Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja nao, jengo likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa.

Siandiki haya ili kulaumu mawe. Ninachotaka kusema ni kwamba mnara haukuota kama mnazi. Waliotaka uwepo walikuwa wenye meli za moshi, zilizokuja na bidhaa na kuondoka na karafuu, meli nzito zinazohitaji kina kirefu. Mvuvi wa ngalawa hakuuagiza. "Sisi tulikuwa na alama zetu," mzee alisema. "Mnazi fulani ukilalia msikiti, unajua umefika. Usiku una nyota. Taa ile ya wenye meli." Alisema bila ya kinyongo. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: kwa kuwa njia ya meli imepita ubavuni mwa kisiwa, wavuvi wadogo walikuwa hawaruhusiwi kujazana pale, na ndiyo maana matumbawe ya upande wa magharibi yalikutwa mazima. Fikiri, msomaji. Kaa mbali, kaa mbali, miaka na miaka, na matokeo yake ni bustani ile chini ya maji ambayo wanafunzi wangu walikwenda kuichungulia kwa miwani, wakatoka wakipiga kelele kama wameona pepo. Sasa wavuvi wanakatazwa kwa sababu nyingine, na mzee ndiye anayewakataza. Nilimwuliza analionaje hilo. Akasema, "Naliona kila siku." Akanyamaza, nami sikuendelea.

Kuna jambo moja zaidi nililolikuta kule juu, nalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kulikalia kimya kosa langu. Mzee alinyoosha mkono baharini, akataja Skagit. Wanafunzi wengi walikuwa wadogo mno mwaka 2012, au hawajazaliwa, lakini wote walinyamaza. Jina hilo hapa kwetu halihitaji maelezo. Tarehe 18 Julai 2012 meli hiyo ya abiria ilikuwa inatoka Dar es Salaam kuja Unguja, upepo mkali, bahari imechafuka, ikapinduka karibu na Chumbe ikiwa na watu karibu 300. Wengi hawakurudi. Ilikuwa mchana. Mnara ulikuwepo pale pale, mrefu, mzima, jua linaumulika, na haukuwa na la kufanya.

Nilisimama kwenye kibaraza kile nikaukumbuka ubeti wa nne wa shairi langu. Siuandiki hapa. Ndani yake mnara "unaokoa". Nilitumia kitenzi hicho kwa sababu kina herufi nilizozihitaji. Yuko mtu katika mji huu aliyesubiri bandarini siku ile, na yumkini amelisoma shairi hilo, kwani jarida hili linasomwa. Sikumfikiria. Nilifikiria mizani. Mnara unataja mwamba uliopo chini yake, basi. Haujui idadi ya watu waliopakiwa, haujui upepo, haumkatazi mtu kung'oa nanga siku ambayo hafai kung'oa. Kazi hiyo ni ya watu, na nikimpa mnara kazi ya watu nawasamehe watu bila ya kuulizwa.

Tulirudi alasiri. Kusi lilikuwa limeanza kuchachamaa, mashua inaruka, nusu ya darasa wamelala na nusu wanatapika. Yule mwanafunzi mkimya alikuwa amekaa karibu yangu, anatazama nyuma kisiwani, midomo inacheza. Nikadhani anasoma dua. Kumbe alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Mwalimu," akasema, "ule mshororo wako unarekebishika. Mizani haiharibiki."

"Vipi?"

"Ewe mnara wa nuru, nionye nisije kwako."

Nikahesabu na mie. Nane na nane. Kina kimebaki pale pale. Nikamwambia vizuri sana, na hapo hapo nikaanza kuupima ubeti wa pili, ambao msemaji wangu tayari amekwisha kuwasili mnarani na anabisha hodi.